Mistari ya Majivu

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulianzia mlima upi, na sitaki kujifanya najua. Ipo siku moja watu wazima wenye heshima zao, nami nikiwemo, tulijifanya tunajua, tukampigia kelele arudi huko alikotoka. Kwa hiyo hilo naliacha. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka ile niliyokuwa nikienda uwanjani kila Jumapili, na jambo moja nililolifanya kwa mikono yangu. Hilo moja nikilikumbuka nikiwa mezani, nasukuma sahani kando.

Tulimwita Mchora Mistari. Uwanja wetu ulikuwa nje kidogo ya Rulenge, mahali pekee palipokaribia kuwa tambarare, na hapo napo paliinamia upande mmoja, hata timu iliyoshambulia kuelekea bondeni ikawa kama ina mchezaji wa kumi na mbili. Chokaa hatukuwa nayo. Tulikuwa na majivu, kwa sababu kila nyumba ilipika. Desturi ilikuwa hivi: mashabiki tulipeana zamu, na kila Ijumaa mmoja wetu alipeleka debe la majivu nyumbani kwa Mchora Mistari. Jumamosi aliyachekecha kwa kipande cha chandarua, na Jumapili, kabla watu hawajatoka kanisani, alikuwa ameshachora uwanja mzima.

Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari. Alitembea kinyumenyume, amejikunja, kopo likitikisika mkononi, na mstari ukabaki mbele yake umenyooka kama umechorwa kwa rula. Duara la katikati alilichora kwa kigingi na kamba, akizunguka polepole kama mbuzi aliyefungwa malishoni. Alipomaliza aliketi pembeni kulinda kazi yake. Ole wako ukatize uwanja kabla ya wachezaji. Padre mmoja aliwahi kukatiza, akaambiwa kwa adabu zote arudi, apite nyuma ya goli. Akarudi, akapita nyuma ya goli.

Kuhusu majivu alikuwa mgumu kuliko karani wa ghala. Aliyapima kwa vidole, akayanusa. Ya maganda ya ndizi aliyakataa kwa kuwa ni meusi. Ya kuni za mkaratusi aliyapokea bila neno. Yaliyompendeza zaidi ni ya maganda ya maharage, ambayo ni meupe kweli, na aliyeyaleta alipewa sifa hadharani. Mke wangu, enzi hizo akiwa bado mchumba, aliwahi kusifiwa mara mbili, na mama yake akatembea wiki nzima shingo juu.

Jambo la ajabu ni kwamba mpira wenyewe hakuutazama. Sisi tulipokuwa tunaruka na kukumbatiana na watu tusiowajua, yeye alitazama chini, mahali ambapo beki amefuta mstari kwa kiatu. Wakati wa mapumziko, watu wakikimbilia miwa na karanga, yeye alikimbia na kopo lake kuziba mapengo. Sheria ya kuotea hakuijua mpaka mwisho. Mechi ikiisha aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mpiga ngoma na mwimbishaji wa mashabiki:

"Ngapi?"

"Mbili moja, tumeshinda."

"Na mistali ilikaa mpaka mwisho?"

"Ilikaa."

"Basi tumeshinda," alisema, kana kwamba mabao yalikuwa habari ya pembeni.

Ndiyo, alisema mistali. Gori, penarti, mistali. Tulimcheka sana kwa hilo. Leo ninapoandika haya najiuliza tulicheka nini, maana nusu yetu pale uwanjani tulikuwa tunasema hivyo hivyo. Marehemu baba yangu, Mhangaza wa kuzaliwa na kuzikwa hapa hapa, mpaka anakufa aliita lori rori na redio ledio, na hakuna aliyemcheka. Kwa Mchora Mistari tulisikia kwa sababu tulitaka kusikia. Ilisemekana wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na sikio la mtu likishaambiwa hivyo, hupata kazi.

Mtu aliyenyoosha uwanja kiasi hicho ungetegemea na kwake kumenyooka. Kumbe wapi! Nyumba yake ilielemea kushoto na ilikuwa imeegemezwa nguzo mbili. Mistari ya mahindi yake ilikwenda ikipinda kama njia ya ng'ombe. Mke wake alimtania mbele ya wageni kwamba uwanja umemuoa na yeye ni hawara. Alicheka, akaendelea kuchekecha. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa akianza kutembea wakati huo, na mara nyingi nilimkuta kajaa majivu mpaka kwenye kope.

Alikuwa na misemo yake, mingine ya kawaida tu. Mpira bila mstari ni ugomvi, alisema. Nje ni nje, hata kwa unywele. Lakini mmoja nilimsikia akimwambia kipa wetu, aliyejitolea siku moja kumsaidia, akapinda, halafu akaanza kusugua majivu kwa soli ya kiatu ili kuficha.

"Yewe, usifute kwa mguu," alimwambia. "Ukifuta kwa mguu unalipanua kosa. Leta jembe, paruza, weka udongo mpya, anza tena. Watu watakuona, ndiyo. Waache wakuone."

Kuna mechi moja mchezaji wa timu ya Biharamulo alivunjika mguu mbele ya goli letu. Sisi mashabiki, Mungu atusamehe, tulishangilia. Mchora Mistari aliingia, akachukua ile kamba yake ya mafundo, kamba aliyoipima kwa siku tatu na hakumruhusu hata mke wake aianikie nguo, akaikata kwa wembe vipande vinne. Akaufunga mguu wa yule kijana kwa fito mbili, akasaidiana na wachezaji wenzake kumbeba mpaka kwenye gari lao. Wiki iliyofuata alianza kusokota nyingine. Nilimtania: "Mzee, unakata kamba yetu kwa ajili ya adui?" Akanijibu, "Mguu hauna timu." Maneno hayo yalikuja kurudishwa baadaye, yakasomwa kinyume.

Sasa nifike penyewe.

Shangazi yangu alifariki siku ya Jumanne. Tulimzika Jumatano, na moto wa msiba ukabaki unawaka uani kwetu, wanaume tukiuzunguka. Kwetu majivu ya moto wa msiba hayatoki uani mpaka matanga yaanuliwe; yakitoka mapema, msiba huyafuata yanakokwenda. Hili mtoto wa miaka minane analijua. Alhamisi Mchora Mistari alikuja kutoa pole. Alikaa nasi mpaka jioni, kopo lake likiwa kwenye mfuko begani kama kawaida, kwa sababu hakutembea bila hilo kopo. Ijumaa zamu ya majivu ilikuwa yangu.

Ningeweza kuomba nisamehewe zamu. Mfiwa hadaiwi zamu, hata mwenyekiti wa timu angenicheka kwa kuuliza. Lakini Jumapili tulikuwa tunacheza na Biharamulo, na mimi nilikuwa nimetunga nyimbo mpya, nikataka kwenda mazoezini na ngoma yangu. Ningeweza pia kuzunguka kwa majirani, nyumba nne au tano, debe lingejaa. Niliona uvivu. Uani kulikuwa na kilima cha majivu, meupe, ya magogo makubwa yaliyowaka siku tatu. Watu walipoingia ndani kusali, nilichota. Debe letu lilikuwa na mpini wa waya uliosokotwa, nililifunika kwa jani la mgomba, nikaondoka.

Mchora Mistari aliyapima kwa vidole. Akayanusa.

"Ni mazuri," alisema. "Ya jikoni kwenu?"

"Ya jikoni."

Akanitazama kidogo, akasema pole tena kwa msiba, akalimimina debe.

Tulifungwa tatu bila. Hatukuwahi kufungwa tatu pale nyumbani. Na la tatu tulijifunga wenyewe. Beki wetu bora, mtu mtulivu, aliusukuma mpira taratibu mpaka ukavuka mstari wa goli, kipa akimtazama. Hapo mama mmoja jirani yetu, muuza ndizi, akasimama, mikono kichwani.

"Mimi nimetoka msibani asubuhi hii! Majivu ya moto yamechotwa! Nimeona kwa macho yangu yamechotwa! Na huyu Alhamisi alikuwepo na mfuko wake!"

Hakuhitaji kusema huyu ni nani. Watu walimgeukia. Kwa dakika moja ile kamba iliyofunga mguu wa mchezaji wa Biharamulo ikawa ushahidi. Mguu hauna timu, si alisema mwenyewe? Kutotazama mpira kukawa ushahidi. Kunusa majivu kukawa ushahidi. Waamuzi walijifanya wanafunga viatu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu na mtu wa haki kwa siku nyingine zote, akapenya mpaka mbele yake.

"Majivu haya umeyatoa wapi?"

"Yameletwa," alisema Mchora Mistari.

"Na nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, ngoma shingoni. Akageuza uso, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, hapana, laiti angefanya hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mtu mwenye zamu, akiona debe liko mkononi na anasubiri tu alitue. Kinywa changu kilikuwa na maneno mawili: ni mimi. Maneno mawili mafupi. Nilijua wangenipiga. Nilijua pia kwamba nyumbani ningekuwa mtu aliyetoa majivu ya shangazi yake uani kwa sababu ya mpira. Nikayameza.

"Nimesahau," alisema.

Ukaja mngurumo. Macho ya watu wengine yakaanza kuzunguka, kama yanatafuta, na mwenyekiti akafuata upande ule alikokuwa akitazama Mchora Mistari, yaani upande wangu. Nikaogopa. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo hakuna aliyenituma. Nilipiga ngoma. Nikaanzisha wimbo, uliojitunga wenyewe kinywani, na niliuimba kwa matamshi yake ili watu wacheke:

*Mistali minne ni kaburi,*
*Mchora katuchorea!*

Watu walidaka mara moja. Nilikuwa mwimbishaji mzuri, hilo sikuwahi kulikosa. Waliimba uwanja mzima, na ulipofika mara ya tatu mtu akaongeza *arudi kwao, arudi kwao*, nikapokea na hilo, nikalipigia ngoma. Walimkanyagia kopo mpaka likawa bapa. Kamba mpya ilitupwa chooni. Hawakumpiga, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa neno hilo moja, kwamba hawakumpiga. Alipita katikati ya mistari yake mwenyewe, mara ya kwanza namwona akiikanyaga, mfuko mtupu ukining'inia begani, akashika njia ya kwao.

Kuanzia siku hiyo uwanja wetu ulichorwa kwa jembe, mfereji mdogo, na ikinyesha ulijaa maji. Wachezaji walijikwaa. Hakuna aliyesema tumekosea nini.

Mimi nilifuta kwa mguu. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Nilianza kusema kwamba wimbo ulikuwa mzaha. Nikasema hata hivyo majivu si kitu, hizo ni imani za wazee, tulifungwa kwa sababu tulikuwa wabovu. Kweli tulikuwa wabovu. Nikaongeza kwamba angetaka angejitetea. Kila nilivyosugua, doa lilipanuka. Baada ya mavuno nikasikia ameuza shamba, ameondoka na mke na binti yao. Wengine walisema Bugarama, wengine Kasulo. Sikuuliza zaidi, maana ningeuliza ningeambiwa.

Lakini wimbo uliwafuata. Wimbo mzuri hausafiri na mwenyewe, husafiri na watu wa mnadani.

Mwaka jana nilikwenda Kasulo kwenye harusi ya binti wa shemeji yangu. Sasa nina mvi na goti moja bovu, na mpira nautazama kwenye luninga, nikilalamika kama wenzangu. Jumamosi asubuhi nikanyoosha miguu na shemeji mpaka kwenye uwanja wa shule. Nikasimama. Mistari ilikuwa imechorwa. Ilikuwa ya majivu, meupe, membamba, na duara la katikati lilijifunga bila kuonyesha lilipoanzia.

"Nani anachora hapa?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Mwalimu mmoja, mwanamama. Alifundishwa na baba yake, yule mzee wa pale chini. Macho yamekwisha, ila ukipinda anakwambia."

Nilimwambia shemeji atangulie. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na ilikuwa imenyooka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, sweta limefungwa mpaka kooni, uso ameuinua kidogo kama wasioona wanavyofanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikamtajia jina langu. Akatabasamu, tabasamu lile lile la wakati wa kuchekecha majivu.

"Mpiga ngoma," alisema. "Karibu. Mwanangu, mletee mgeni kiti."

Binti yake alitoka na kiti, mama wa makamo sasa, chaki kwenye kucha. Akaniletea na maji. Akasimama mlangoni kama mwenyeji anavyosimama kuona kama mgeni anahitaji kingine. Nilingoja aondoke. Hakuondoka. Nikasema kwa sauti ya chini.

"Mzee, yale majivu…"

"Lilikuwa debe lenu, lile la mpini wa waya. Nilijua Ijumaa ile ile. Majivu ya moto wa uani yananuka magogo, hayanuki chakula."

"Kwa nini uliyapokea?"

"Nilidhani wazee wenu wamekuruhusu. Nani angeyatoa bila kuruhusiwa?"

"Na uwanjani? Kwa nini hukunitaja?"

"Nyumba yenye msiba haiongezewi mzigo," alisema. "Nikasema, atakuja mwenyewe akishatulia. Nikakungoja. Ijumaa ya kwanza nilikaa nje mpaka jua likazama. Ya pili nilikaa. Ya tatu mke wangu akaniuliza namngoja nani, na mimi sikuweza kumwambia. Nikaingia ndani. Basi."

Nilianza kulia, na nilijionea aibu hata kwa kulia, kwa sababu niliona machozi yangu yanaomba kitu. Nikamwambia anisamehe. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Usiniambie mimi. Mimi nilijua. Mwambie huyu. Huyu hakujua."

Nikageuka. Binti alikuwa bado mlangoni. Nikamweleza yote: shangazi, uvivu, debe, jani la mgomba. Nikasema baba yake hakuchota, nilichota mimi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma vibaya.

"Na wimbo?" aliuliza.

"Wimbo gani?"

"Unaujua. Nimeimbiwa njiani kwenda shule tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Hata nilipokuwa sijui maana yake niliuimba mwenyewe, nikicheza, mama akanipiga mara moja tu, akalia yeye. Ulianzishwa na nani?"

Mzee akawahi kujibu. "Zilikuwa sauti nyingi, mwanangu. Uwanja mzima."

Alinisetiri tena. Mara ya pili, baada ya miaka yote ile, kipofu, ameketi kwenye kigoda, alinifungulia mlango nipite. Na nisifiche hapa: kwa kitambo cha pumzi moja nilitaka kupita.

"Ya kwanza ilikuwa yangu," nilisema. "Ngoma ilikuwa yangu na maneno yalikuwa yangu."

Alinitazama. Kisha akaokota ile bilauri ya maji ambayo sikuwa nimeigusa.

"Nina watoto wanne," alisema. "Hakuna hata mmoja anayeujua. Nilihakikisha."

Akaingia ndani na bilauri.

Kwetu mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kwa ugomvi husindikizwa mpaka njia panda. Nilisimama nikangoja kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyetoka. Nikamuaga mzee, nikashika njia peke yangu, goti likiuma. Nilipofika kwenye mgomba wa mwisho niligeuka. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kigoda, ameinua mkono kuniaga, ila alikuwa ameuelekeza upande wa uwanja, ambako hakukuwa na mtu.